Malori ya Kupita Njia: Namna ya Kuyaondoa Kwenye Barabara za Mtaa

Malori yanayoingia katika barabara ya mtaa ni ya aina mbili. Yapo yaliyoleta mchanga kwa mtu anayejenga, au soda dukani, au yaliyokuja kunyonya choo. Hayo yana shughuli mtaani na yakimaliza yanaondoka. Na yapo yasiyo na mwenyeji pale: yametoka barabara kuu moja yakielekea barabara kuu nyingine, na mtaa kwao ni njia ya mkato tu. Zuio la malori linalengwa kwa aina hii ya pili. Lisipotenganisha aina hizo mbili huanguka mapema, kwa kuwa wa kwanza kulivunja huwa ni wakazi wenyewe, siku mmoja wao anapohitaji tripu ya kokoto.

Tatizo huonekana zaidi katika miji ya bandari. Bandari ya Dar es Salaam hupokea mizigo ya Tanzania pamoja na ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na sehemu kubwa yake hutoka juu ya magurudumu. Njia kuu ya mizigo hiyo inajulikana: Barabara ya Mandela kutoka upande wa bandari, kupitia Tazara, Buguruni na Tabata hadi Ubungo, kisha Barabara ya Morogoro. Lakini bandari kavu na yadi za makontena zimetawanyika Kurasini na sehemu nyingine za Temeke, nyingine zikipakana ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Barabara kuu ikisimama kwa foleni, dereva mwenye kontena huanza kutazama pembeni. Mtaa wenye urefu wa kilomita moja, unaounganisha barabara mbili kubwa, hauhitaji kutangazwa. Utingo mmoja akishaujua, wiki ijayo wanaujua wote.

Madhara yake kwa barabara yana hesabu. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori kwa miaka miwili kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, ili kuona kila uzito unaharibu kiasi gani. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio: uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli moja. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ekseli ya pikapu yenye tani 1, tofauti ya uzito ni mara 10, lakini tofauti ya uharibifu ni mara 10,000. Na ekseli iliyotakiwa kubeba tani 10 ikiongezewa tani mbili tu, uharibifu wake huongezeka zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mtaa wenye bajaji, bodaboda na magari madogo mamia kwa siku unaweza kukaa na lami yake miaka mingi, na ukafumuka msimu mmoja wa masika baada ya malori kuugundua.

Hapa lipo kosa linalofanywa hata na viongozi: kudhani kwamba lori lililopita mizani salama haliharibu mtaa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye matairi pacha na hadi tani 56 kwa gari lote lenye ekseli saba. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya barabara kuu, zenye matabaka mazito ya msingi chini ya lami. Barabara ya mtaa ni lami nyembamba juu ya changarawe, mara nyingi bila bega wala mfereji wa maana, na kalvati zake zilijengwa kwa kukadiria gari la taka na Fuso ya mizigo. Mabomba ya maji nayo hupita chini kidogo tu ya uso wa barabara. Lori halali kabisa huyapasua vilevile.

Barabara yenyewe ni sehemu tu ya hasara. Lori lenye trela huwa na urefu wa mita 16 na zaidi, na linapokata kona magurudumu ya nyuma hayafuati yale ya mbele. Hukatiza kwa ndani, palepale anaposimama mtembea kwa miguu au mwenye bodaboda akisubiri lipite. Dereva aliyekaa juu kwenye kichwa hamwoni mtoto aliye mbele ya bampa wala mtu aliye karibu na mlango wa kushoto. Mtaa usio na njia ya waenda kwa miguu huwaweka wanafunzi na gurudumu katika futi hizo hizo chache. Usiku kuna breki za upepo na mtetemo unaopasua plasta. Malalamiko mengi ya wakazi huanza na vumbi na kelele, nayo ni ya haki, lakini kwenye barua rasmi hoja ya usalama wa watoto wa shule na hoja ya gharama za matengenezo ndizo husomwa hadi mwisho.

Kabla ya kuandika barua yoyote, inafaa ijulikane malori yanafuata nini. Sababu ya kawaida ni foleni kwenye makutano fulani. Nyingine ni kukwepa mizani, na hiyo hutokea zaidi kwenye vijiji na mitaa iliyo karibu na vituo vya kupimia uzito. Wengine hufuata gereji, kituo cha mafuta chenye uwanja mpana, nyumba ya wageni ya bei nafuu, au mahali pa kulaza gari bila kulipa. Siku hizi ipo pia ramani ya simu: Google Maps humwonyesha mwenye gari dogo njia ya haraka, na dereva mgeni wa lori akiifuata hujikuta katikati ya mtaa ambamo hawezi kugeuza. Kila sababu ina dawa yake. Mtaa unaopitwa kwa ajili ya foleni unahitaji makutano yarekebishwe au saa za zuio zipangwe. Unaopitwa kwa sababu ya yadi moja unahitaji mazungumzo na mwenye yadi, na bango hapo halitasaidia kitu.

Jambo linalofuata ni kuhesabu, na hapa ndipo kazi ya mtaa inapostahili muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Maneno kwamba malori yanapita mengi hayamsukumi mhandisi. Hesabu ya siku tatu humsukuma. Watu wawili hukaa mwanzo wa mtaa na wawili mwisho wake, wenye daftari na saa zilizolinganishwa. Kila lori linapopita huandikwa saa, namba, idadi ya ekseli, uelekeo na aina: kontena, tipa, tenki, boza la maji, la bidhaa. Namba inayoandikwa ni ya kichwa, iliyopo mbele, kwa kuwa trela lina namba yake na daftari la upande mmoja likichukua ya mbele na la upande mwingine ya nyuma, hayataonana. Jioni madaftari mawili hulinganishwa. Lori lililoonekana mwanzo wa mtaa saa 4:10 na mwisho wake saa 4:15 limepita tu. Lililoingia saa 4:10 na kutoka saa 5:30 lilikuwa na kazi. Lililoingia na kutokea upande uleule aghalabu lilikuwa na kazi pia, au lilipotea njia.

Siku za kuhesabu hazichaguliwi ovyo. Jumatatu na Ijumaa huwa na mizigo tofauti na Jumapili. Meli kubwa ikishusha makontena, mitaa ya karibu na bandari hujaa kwa siku kadhaa kisha hutulia. Inafaa kuchukua siku mbili za kazi na siku moja ya mwisho wa juma, na usiku mmoja uongezwe, kwa sababu tipa za mchanga na kokoto hupenda alfajiri kabla askari hawajaingia barabarani. Picha chache za simu zenye tarehe zinaongeza nguvu: lori likiwa karibu na geti la shule, kalvati iliyovunjika, kona iliyoliwa ukingo. Matokeo yawekwe kwenye ukurasa mmoja. Malori mangapi kwa siku, mangapi kati yake yalipita tu, saa gani yalizidi, na ya aina gani. Mara nyingine hesabu huwashangaza wakazi wenyewe: walidhani wanasumbuliwa na malori ya bandarini, kumbe mengi ya yanayopita ni tipa za mjenzi mmoja aliye kata ya jirani, jambo linaloweza kumalizwa kwa kikao cha nusu saa.

Kisha lije swali la mwenye barabara. Kwa Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliziweka barabara kuu na za mikoa katika kundi la barabara za kitaifa, ambazo husimamiwa na TANROADS, na zilizobaki ni barabara za wilaya, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Karibu kila barabara ya mtaa iko kundi la pili. Wakazi wanaopeleka malalamiko TANROADS hupoteza miezi kwa kuelekezwa kwingine, isipokuwa kama suala lenyewe ni makutano ya mtaa na barabara kuu, ambayo ni ya TANROADS na lazima washirikishwe. Kenya mgawanyo ni mwingine: KeNHA hushika barabara kuu za taifa, KURA barabara za taifa zilizo mijini, na serikali za kaunti zina barabara zao. Katika nchi zote mbili, kusimamisha gari linalotembea ni kazi ya polisi wa usalama barabarani, si ya kamati ya mtaa wala ya vijana waliojitolea.

Ombi husafiri vizuri likianzia chini. Mkutano wa mtaa huitishwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hoja hujadiliwa, na mtendaji huandika muhtasari wenye orodha ya mahudhurio. Muhtasari huo na ukurasa wa hesabu huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mkuu wa usalama barabarani wa eneo. Suala linalogusa wilaya mbili, au barabara za mamlaka mbili, huweza kupelekwa Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa. Diwani aliyepewa namba huwa na la kusema kwenye baraza la madiwani. Aliyepewa hasira tupu hurudi na ahadi.

Mkutanoni waalikwe pia wanaoonekana kuwa wapinzani. Mwenye yadi, mwenye gereji, wauza vifaa vya ujenzi, na madereva wawili watatu. Upande wa wasafirishaji wakubwa, Chama cha Wamiliki wa Malori Tanzania, TATOA, kinaweza kufikisha taarifa kwa kampuni nyingi kwa barua moja. Wamiliki wengi hawapendi magari yao yapite vichochoroni; tairi la lori ni ghali na kioo cha pembeni hakidumu. Anayechagua mkato ni dereva aliyebanwa na muda, na mmiliki akiambiwa kwa adabu, namba za magari zikiwa mezani, mara nyingi humaliza jambo kabla sheria haijaguswa. Hii ndiyo hatua ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Swali gumu kuliko yote ni malori yapite wapi. Zuio lisilo na jibu la swali hilo husukuma mzigo kwenye mtaa wa pili, ambao nao utaomba zuio, na mwaka unaofuata manispaa nzima ina mabango yanayopingana. Mji wa Manila nchini Ufilipino ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Februari 2014 uongozi wa mji ulipiga marufuku malori mchana. Foleni mjini ilipungua, lakini makontena yakarundikana bandarini, meli zikasubiri, bei za bidhaa zikaguswa, na Septemba mwaka huohuo marufuku ile ikaondolewa. Mombasa ilichukua njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi gari lililotoka bara kwenda pwani ya kusini lililazimika kuingia kisiwani na kuvuka kwa kivuko cha Likoni. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2018, ilijengwa ili magari hayo yapite Miritini bila kugusa kisiwa. Nairobi nayo ina barabara ya mchepuko ya kusini, inayounganisha Barabara ya Mombasa na Kikuyu, na kulitoa lori linaloelekea mpaka wa Malaba katikati ya jiji hakukuwa na maana kabla barabara hiyo haijakuwepo.

Mtaa hauwezi kujenga mchepuko, lakini unaweza kuonyesha kwamba upo. Barua ya maombi itaje kwa jina barabara ambayo malori yatatumia badala yake, urefu wake, na kwamba ni ya kiwango kinachobeba mzigo huo. Kama njia mbadala inaongeza kilomita mbili, zitajwe. Kuficha hakusaidii kwa kuwa mhandisi ataipima. Na ikiwa njia mbadala haipo kabisa, basi kinachoombwa kiwe kidogo: zuio la saa za shule asubuhi na mchana, au la usiku, au la magari ya ekseli nne na zaidi tu. Zuio dogo linalofuatwa lina faida kuliko kubwa la karatasi. Kuhusu saa kuna mvutano usiokwisha. Malori yakizuiwa mchana huhamia usiku, na usingizi wa watu hupotea. Yakizuiwa usiku hukutana na watoto wa shule. London tangu 1985 ina utaratibu wa kudhibiti malori ya zaidi ya tani 18 usiku na mwishoni mwa wiki, na huko kilichotangulizwa ni usingizi. Kwa mtaa wenye shule ya msingi isiyo na ukuta, saa za mchana zitangulie.

Maneno ya zuio yana kazi kubwa. Lililo bora husema mambo manne: gari gani, wapi, lini, na nani hahusiki. Gari hutajwa kwa idadi ya ekseli au kwa uzito wa gari lote. Uzito una heshima ya kisheria, lakini askari aliyesimama barabarani hana mzani mfukoni. Ekseli huhesabika kwa macho hata gari likitembea. Eneo litajwe kwa mipaka, barabara zote zilizo ndani ya barabara kuu fulani na fulani, badala ya jina la mtaa mmoja, maana lori lililozuiwa mtaa wa kwanza hukunja kona ya pili. Wasiohusika ni wenye shughuli ndani ya mipaka hiyo, magari ya zimamoto na ya wagonjwa, ya taka na ya maji taka, maboza ya maji, na magari ya mashirika ya umeme na maji yakiwa kazini.

Neno "mwenye shughuli" lisipofafanuliwa, kila dereva atakuwa nayo. New York hutatua hili kwa njia inayoweza kuigwa bila gharama. Malori hulazimika kukaa kwenye njia zilizoteuliwa, na huruhusiwa kuziacha njia hizo kwenye makutano yaliyo karibu zaidi na yanakopeleka mzigo tu. Dereva akisimamishwa nje ya njia huonyesha hati ya mzigo yenye mahali ulikotoka na unakokwenda. Kwa Dar es Salaam au Mwanza, hati ya kupokelea mzigo au risiti ya duka la vifaa yenye jina la mtaa inatosha. Asiyekuwa na karatasi, kama mwenye tipa la mchanga, ampigie simu anayempelekea mbele ya askari. Vibali vya kulipia viepukwe. Halmashauri hushawishika kuviuza kwa sababu vinaingiza fedha, lakini kibali kinachouzwa hugeuka ushuru wa kupita, na anayekiuza hatakuwa na hamu ya kuona malori yakipungua.

Kama halmashauri inataka zuio liwe na adhabu zake, itatunga sheria ndogo. Madaraka hayo kwa miji yanatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Rasimu hutangazwa kwa wananchi watoe maoni, hupita kwenye baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Safari hiyo ni ndefu. Kwa mtaa mmoja au miwili, alama iliyowekwa na mamlaka ya barabara na kusimamiwa na askari kwa sheria ya usalama barabarani huwa njia fupi. Sheria ndogo ifikiriwe pale kata nzima au manispaa nzima inapopanga njia za malori kwa pamoja.

Alama yenyewe ni duara lenye ukingo mwekundu na picha ya lori, na chini yake kibao cha maneno machache ya Kiswahili: saa za zuio na "isipokuwa wenye shughuli". Mahali inapowekwa pana uzito kuliko ukubwa wake. Ikiwekwa mita 100 ndani ya mtaa, dereva wa trela huiona akiwa ameshaingia, hawezi kugeuza, na ataendelea mbele kwa kuwa hana lingine la kufanya. Lazima iwepo alama ya tahadhari kwenye barabara kuu kabla ya kona, katika pande zote mbili za kuingilia, ikionyesha pia njia ambayo malori yafuate. Hiyo iko katika hifadhi ya barabara ya TANROADS na inahitaji idhini yao, ndiyo sababu inafaa washirikishwe mapema. Bango linalochorwa na fundi wa mtaani kwa fedha za mchango, hata likipendeza, halina nguvu yoyote mbele ya hakimu.

Mitaa mingi hukimbilia vizuizi vya chuma, hasa kile cha kimo: nguzo mbili na bomba lililolazwa juu. Kinazuia kweli. Lori lenye kontena hufika mita 4 kwenda juu, wakati basi dogo aina ya Coaster haliifikii mita 3, hivyo bomba likiwekwa kati ya vipimo hivyo hutenganisha magari bila mlinzi. Shida zake hazionekani siku ya kufungua. Gari la zimamoto nalo ni refu. Hivyo bomba liwe la kufunguka, lenye bawaba na kufuli, na ufunguo uwepo kituo cha zimamoto na kwa watu wawili wanaoishi karibu na kizuizi. Ufunguo ukiwa kwa mtendaji peke yake, nyumba itateketea siku mtendaji amekwenda msibani. Bomba lipakwe rangi ya kuakisi mwanga na litanguliwe na alama ya kimo pamoja na nafasi ya kugeuzia. Tena bawaba zichomelewe na nguzo zijazwe zege, kwa kuwa wanunuzi wa chuma chakavu hawako mbali. Kubana upana hakusaidii vilevile, maana gari la zimamoto lina upana uleule wa lori. Magogo, mawe na mitaro inayochimbwa na wakazi usiku ni kosa kisheria, na anayeumia kwanza ni mwenye bodaboda asiye na taa.

Matuta ya barabarani yanastahili neno fupi tu: hayaondoi malori. Lori hupunguza mwendo, hupanda tuta, na trela tupu likishuka hupiga kishindo kinachosikika nyumba ya kumi. Tuta ni la kulinda wavukaji mbele ya shule. Kwa kazi nyingine lisitumike.

Usimamizi huamuliwa na majuma manne ya mwanzo. Wiki ya kwanza na ya pili askari huwaelekeza madereva bila faini, kwa tangazo lililosambazwa mapema kwenye yadi, bandari kavu na vituo vya mafuta. Kuanzia wiki ya tatu adhabu ianze, na ianze na wachache wanaorudia, ambao daftari la hesabu tayari linawafahamu. Askari hawezi kukaa mtaani kila siku, wala hakuna haja. Kuonekana kwake kwa saa zisizotabirika huwatosha madereva wengi. Wakazi wana kazi yao: picha inayoonyesha namba ya gari, alama ya zuio na mazingira ya mahali katika fremu moja, pamoja na tarehe na saa, ipelekwe kwa mtendaji na kituo cha polisi. Kumzingira dereva, kumnyang'anya funguo au kumtoza "fedha ya vumbi" hugeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Baada ya miezi mitatu hesabu irudiwe kwa namna ileile, siku zilezile za juma, na safari hii mitaa miwili ya jirani ihesabiwe pia. Lori likihamia huko, zuio limehamisha tatizo, na mipaka ya eneo ipanuliwe kabla majirani hawajaanza kuchomoa mabango. Kalvati na kona zilizoharibika ziingizwe kwenye bajeti ya matengenezo ya TARURA wakati huo. Kutengeneza kabla malori hayajaondoka ni kutengeneza mara mbili.

Ipo hali moja ambayo zuio la kawaida haliifikii, nayo ni ujenzi wa barabara kuu. Njia za mabasi yaendayo haraka zilipojengwa Dar es Salaam, katika Barabara ya Kilwa na Barabara ya Nyerere kwa mfano, sehemu za barabara zilifungwa kwa vipindi, na magari yanayofungiwa njia kuu lazima yatafute pa kupita. Hapa lori halijaiba njia. Aghalabu limeelekezwa na mkandarasi mwenyewe. Kinachofaa ni serikali ya mtaa kuomba, kabla kazi haijaanza, kuona mpango wa mkandarasi wa kuelekeza magari, na kuhakikisha unasema malori yatapita wapi tofauti na magari madogo, nani atamwagia maji vumbi na mara ngapi kwa siku, na nani atairudisha barabara ya mtaa katika hali yake. Wiki moja kabla ya magari kuelekezwa, kiongozi wa mtaa na mwakilishi wa mkandarasi watembee mtaa mzima wakipiga picha za lami, kalvati, mifereji na nyufa za kuta zilizo kando ya barabara, na wote wawili waweke sahihi kwenye nakala. Bila picha hizo, ufa uliotokana na malori na ufa wa miaka kumi iliyopita hulipwa sawasawa, yaani haulipwi hata mmoja. Barabara kuu ikifunguliwa, alama za kuelekeza magari mtaani ziondolewe siku hiyohiyo, kwa sababu dereva aliyezoea mkato kwa mwaka mzima ataendelea kuutumia maadamu bango linamwonyesha.